Nampeleka baba, fundi wa reli mstaafu, kwenye maabara na nyumba ya Edison, New Jersey. Tuanzie wapi?

BintiChumbageni ameuliza:

Habari za jioni ndugu zangu mlioko Marekani.

Baba yangu yuko kwangu hapa Delaware, amekuja kuwaona wajukuu. Alifanya kazi karakana ya reli Morogoro tangu ujana wake mpaka anastaafu, na hata leo ukimpa kitu cha chuma mkononi atakigeuza kwanza aone kimeungwa wapi, ndipo akuulize ni cha kazi gani. Tumempeleka ufukweni, tumempeleka Washington kuona majengo ya serikali, tumempeleka madukani. Anashukuru, anapiga picha na wajukuu, lakini mimi ni mwanawe na ninamjua: bado hajaona kitu cha kumfanya aulize maswali.

Jirani ameniambia kuhusu maabara na nyumba ya Thomas Edison kule West Orange, New Jersey, kwamba zimehifadhiwa karibu kama alivyoziacha. Naomba aliyefika anieleze. Je, ni mahali pa mtu wa ufundi, au ni vile vyumba vilivyozungushiwa kamba na viti vya kale, mtu anapita dakika 20 na kutoka? Baba anasoma Kiingereza kidogo, kile cha kazini. Magoti hayataki ngazi nyingi. Na sikio lake la kushoto liliharibika kwa nyundo na mashine, kwa hiyo mwongozaji akiongea kwa sauti ndogo hatapata kitu.

Watoto ni wa miaka 9 na 13. Nataka siku hiyo iwe ya babu yao kwanza, wao wafuate. Tusikose nini? Asanteni.

FundiKerezo amejibu:

Dada, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu.

Mpeleke, wala usisite. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Kazi nilijifunzia Mwanza, na sasa niko karakana moja huku huku New Jersey, tunachonga vipuri vya pampu. Pale West Orange huwa nakwenda kila nikipata mgeni, na hata bila mgeni, kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache nilipoona kazi yetu imepewa heshima sawa na ya wenye vitabu.

Ushauri wangu ni huu: msianzie maktaba. Karibu kila mgeni huingia lile jengo kubwa la matofali, jengo namba 5, akaenda kusimama mbele ya dawati la Edison, akapiga picha, akadhani ameshamwona mvumbuzi. Ninyi mtarudi hapo baadaye. Mpeleke mzee moja kwa moja karakana ya mashine kubwa, ghorofa ya chini, mumwache asimame.

Atakachokiona atakisoma bila Kiingereza. Juu, chini ya dari, zinapita shafti ndefu, vyuma vinavyozunguka, zilizojaa puli, yaani magurudumu ya kuvalia mikanda. Kutoka kila puli mkanda bapa unashuka mpaka kwenye mashine: za kukereza, za kutoboa, za kuchonga meno ya gia, zimepangwa safu kwa safu. Zamani zilianza kwa nguvu ya mvuke, halafu mota za umeme zikachukua nafasi, ila mpangilio wa mikanda ukabaki. Waulize watoto fundi alisimamishaje mashine yake bila kuzima shafti nzima. Mzee atawajibu kwa kidole: unasukuma mkanda kutoka puli iliyoshika kwenda puli inayozunguka bure. Na mwendo unabadilishwaje? Kwa kuhamisha mkanda kwenye puli yenye ngazi, kutoka duara kubwa kwenda dogo. Vyote vinaonekana wazi, hakuna kilichofichwa ndani ya boksi. Mashine za leo, ninazofanyia kazi mimi, zina kompyuta na mlango wa kioo, na mtoto akizitazama haoni sababu ya chochote. Pale sababu zinaning'inia juu ya kichwa chake.

Kabla hujatoka sehemu hiyo, tazameni stoo. Iko karibu na karakana, na kwangu ndiyo chumba chenye akili kuliko vyote. Edison alitaka iwe na kila malighafi ambayo mtu anaweza kuihitaji: madini, kemikali, vyuma vya kila unene, skrubu za kila saizi, lakini pia pembe, mifupa, magamba, manyoya, nywele za wanyama. Alishajifunza thamani yake miaka ya nyuma. Alipokuwa akitafuta uzi wa ndani ya taa alijaribu mimea mingi mno, na kilichodumu vizuri kikawa mwanzi kutoka Japani uliochomwa ukawa kaboni. Hata baada ya hapo aliendelea kutuma watu duniani kutafuta mwanzi bora zaidi. Mmoja wao, James Ricalton, alikuwa mwalimu wa shule hapo hapo New Jersey. 1888 aliacha darasa akaenda mpaka Sri Lanka na India kuokota sampuli. Kila aliyewahi kufanya kazi karakana anajua uchungu wa kusimamisha kazi siku tatu kwa ajili ya boliti moja isiyopatikana. Stoo ile ilijengwa ili kazi isisimame.

Hapo ndipo unaelewa Edison alijenga nini alipoifungua maabara hii 1887. Alisema wazi katika barua zake kwamba anataka mahali ambapo uvumbuzi utakuzwa haraka na kwa gharama ndogo kuliko popote. Maktaba, stoo, karakana kubwa, karakana ya kazi ndogo ndogo za usahihi, chumba cha wachora ramani, kemia, fizikia, studio ya picha: vyote ndani ya ukuta mmoja. Mtu anapata wazo asubuhi, anachora, anateremka chini, na jioni ana kipande cha chuma mkononi cha kujaribu. Huko nyuma Menlo Park, maabara yake ya awali, 1877 alimpa fundi wake mmoja mchoro wa mashine isiyojulikana. Fundi huyo, John Kruesi, Mswisi, akaikereza na kuiunga, na ikatoka fonografu ya kwanza, mashine ya kurekodi sauti na kuirudia. Nadhani West Orange ni Edison akisema: nataka akina Kruesi wengi, na wasikose kifaa.

(Kwa faida ya watoto, msiwaahidi kuona mahali taa ya umeme ilipozaliwa. Hiyo ilikuwa Menlo Park, 1879, na maabara ile haipo tena pale. Henry Ford aliijenga upya Dearborn, Michigan, 1929. West Orange ni ya fonografu iliyoboreshwa, sinema na betri.)

Juu kuna lifti, magoti ya mzee yasiwape hofu. Ghorofa ya pili kuna karakana ya usahihi, mashine zake ni ndogo na nzuri kupita kiasi, na chumba namba 12 ambacho kilikuwa cha majaribio ya Edison mwenyewe. Ghorofa ya tatu kuna fonografu za kila namna na chumba cha muziki chenye piano walimokuwa wakirekodi. Mwambie mzee wako jambo hili: aliyekuwa akiamua kama sauti hizo ni nzuri au mbaya alikuwa karibu kiziwi. Edison alikuwa na matatizo ya kusikia tangu utotoni, na mara nyingine aliuma mbao za piano au za fonografu kwa meno ili mlio upite kwenye mifupa ya kichwa. Baba yako na sikio lake la karakana hatajiona mgeni humo.

Nje ya jengo kubwa kuna majengo madogo ya ghorofa moja yaliyojipanga safu. Jengo la kemia msilikose, chupa bado ziko kwenye rafu, na kemia ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Humo na katika viwanda vilivyozunguka ndimo ilimotoka betri yake ya nikeli na chuma. Mzee ataipenda habari yake. Ilianza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 1900, ikaanza kuvuja, Edison akasimamisha uzalishaji, akarudi mezani na watu wake, na ilipotoka tena 1909 ikawa imara kweli kweli. Ikawasha taa za mabehewa na ishara za reli, na taa za kichwani za wachimba migodi. Ng'ambo ya barabara lile jengo kubwa la zege lilikuwa kiwanda cha betri hizo. Siku hizi ni nyumba za kupanga.

Jengo namba 1, la fizikia, nalo lina kisa. Walilijenga bila chuma ndani ili vipimo vyao vya sumaku na umeme visivurugwe. Kisha tramu ya umeme ikapitishwa barabara ya mbele, na vipimo vikavurugika vile vile.

Sasa niseme la mtu mmoja, kwa sababu hakuna mgeni niliyempeleka ambaye alikuwa amemsikia. Clarence Dally. Alikuwa fundi wa kupuliza vioo, na eksirei zilipogunduliwa 1895 Edison alimweka kwenye majaribio hayo. Siku zile hakuna aliyejua hatari. Dally alikuwa akijaribu mirija kwa kuiwekea mkono wake mwenyewe mbele, siku baada ya siku. Ngozi ikaungua, ikaja saratani, akakatwa mikono, na 1904 akafariki akiwa bado na umri wa miaka 30 na kitu. Edison akaacha kabisa kazi ya eksirei. Nikisimama karakana ile humkumbuka yeye kabla ya kumkumbuka mwenye maabara, na ningependa watoto wako walijue jina lake. Kila anayepigwa eksirei leo huku mpigaji amesimama nyuma ya kinga, amelindwa na somo ambalo watu kama Dally walilipia.

Kwa watoto, uani kuna kibanda cheusi kinachoitwa Black Maria. Ni mfano uliojengwa 1954 wa studio ya sinema iliyojengwa pale 1893, chini ya usimamizi wa William Dickson aliyekuwa akiongoza kazi ya kamera. Paa lilifunguka, na kibanda kizima kilizunguka juu ya reli ya duara kulifuata jua, kwa kuwa taa za wakati ule hazikutosha kupigia picha. Hapo tena mzee ana la kueleza. Na mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye sinema, Januari 1894, alikuwa mfanyakazi wa maabara hiyo hiyo, Fred Ott, akipiga chafya. Mwigizaji hakutafutwa mbali, aliitwa mtu aliyekuwa kazini.

Baada ya hayo yote rudini maktaba. Ni nzuri: mbao nyeusi, roshani mbili za vitabu, sanamu ya marumaru iliyoinua taa ambayo Edison aliinunua maonyesho ya Paris ya 1889, na kitanda kidogo pembeni alichowekewa ili asilale juu ya meza za kazi. Mkishatoka karakana mtaiona kwa macho mengine.

Nyumba, Glenmont, nitaisema kesho nikitoka zamu.

DadaWaFlushing amejibu:

Fundi umenena. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Queens, New York, na Glenmont nimekwenda, basi ngoja nimpunguzie mwenzangu kazi.

Dada yangu, nyumba haiko uani mwa maabara. Iko mwendo mfupi wa gari, ndani ya mtaa wa watu binafsi wenye lango na mlinzi, Llewellyn Park. Hamwezi kwenda moja kwa moja. Mnaanza maabara, pale pale mnachukua tiketi za Glenmont zenye saa na kibali cha gari. Tiketi za nyumba hutolewa kwa anayewahi, na nyumba haifunguliwi kila siku maabara inapofunguliwa, kwa hiyo tazameni ratiba ya wiki hiyo kabla ya kuwasha gari.

Nyumba yenyewe ina vyumba 29, ya matofali mekundu na mbao. Edison aliinunua 1886 kwa dola 125,000 pamoja na samani zake, alipomwoa mke wake wa pili, Mina Miller. Mke wa kwanza, Mary, alifariki 1884 akamwachia watoto watatu. Aliyeijenga alikuwa karani wa kampuni kubwa ya vitambaa New York, na pesa alizojengea zilikuwa za mwajiri wake. Alipogundulika nyumba ikamtoka. Wanangu walikishika kisa hicho kuliko kitu chochote.

Mimi lililonigusa ni Mina. Alikuwa na miaka 20 alipoolewa, akaingia nyumba kubwa yenye watoto wa mwenzake, mkubwa wao msichana wa miaka 13. Aliendesha nyumba ile na wafanyakazi wake kama kazi rasmi, na mwenyewe alikataa kuitwa mama wa nyumbani tu. Ghorofani kuna sebule ya familia ambamo mume alikuwa na meza yake na yeye ana yake. Edison alifia nyumba hiyo tarehe 18 Oktoba 1931. Makaburi yao wote wawili yako nyuma ya nyumba, mawe ya kawaida yaliyolala chini. Babu ataomba dua akitaka, ni mahali patulivu.

Ghorofa ya juu ya nyumba hufikiwa kwa ngazi. Kama magoti hayataki, chini panatosha, na bustani na gereji ya magari yao viko nje.

Nami nakuongezea safari ya pili siku nyingine, huku kwetu Flushing: nyumba ya Lewis Latimer. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa 1848. Wazazi wake, George na Rebecca, walitoroka utumwa Virginia 1842 wakafika Boston. George akakamatwa, kisha watu wa mji wakachanga wakamkomboa. Mtoto wao akajifundisha kuchora ramani za mitambo katika ofisi ya mawakili wa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Alishiriki kuchora michoro ya simu ya Alexander Graham Bell ya 1876. Mwaka 1882 alipata hataza ya njia bora ya kutengeneza uzi wa kaboni wa taa, wakati huo akiwa na kampuni iliyoshindana na Edison. Mwaka 1884 akahamia upande wa Edison, na 1890 akatoa kitabu cha kuwafundisha watu taa za umeme. Alikaa nyumba ile kuanzia 1903 mpaka kufariki kwake 1928. Ni ndogo, ya mbao, ilihamishwa ili isibomolewe. Baada ya vyumba 29 vya Glenmont, wapelekeni watoto waone na hii.

Mhandisi_Ngara amejibu:

Nasoma haya kutoka Nairobi, na samahani, lakini mnamsifu mno mtu huyu. Taa Joseph Swan alikuwa nayo Uingereza. Nikola Tesla, mvumbuzi wa mota ya mkondo geu (AC), alidhulumiwa. Na wanyama waliouawa kwa umeme ili watu waogope mkondo geu, hilo mbona halisemwi? Kabla ya kumpeleka mzee na watoto, waambieni ukweli wote.

FundiKerezo amejibu:

Mhandisi, una haki ya kuuliza, na watoto wa miaka 9 na 13 wanaweza kuambiwa ukweli wote.

La Swan ni kweli. Alikuwa na taa ya kaboni Uingereza miaka ile ile, na mwisho wake wawili hao waliungana katika kampuni moja huko Uingereza, 1883. Alichofanya Edison ni kuijenga taa pamoja na kila kinachoizunguka: jenereta, nyaya za chini ya ardhi, fyuzi, mita, swichi, na 1882 akawasha mtaa wa Pearl Street, New York. Fundi yeyote wa umeme anajua globu peke yake haiwashi nyumba.

Wanyama, naam, tena ilikuwa hapo hapo West Orange. Mwaka 1888 Harold Brown, mhandisi wa umeme aliyeupinga mkondo geu, aliruhusiwa kutumia maabara ile kuua mbwa, ndama na farasi kwa mkondo geu ili kuutisha umma. Edison aliukingia mkondo mnyoofu (DC) wake kwa njia mbaya, na hata hivyo akashindwa, kwa sababu mkondo geu unasafiri mbali kwa hasara ndogo. Dada akifika jengo la fizikia awaambie watoto na hilo. Tesla alifanya kazi kampuni ya Edison New York kati ya 1884 na 1885, kabla maabara hii haijajengwa, kisha akaondoka akafuata njia yake.

Lakini ndugu yangu, mimi sikuandika ili kumsifu Edison. Ana hataza 1,093 za Marekani kwa jina lake, na sifa hazijampungukia. Ninachokitaka ni mtu aingie karakana ile aone kwamba nyuma ya kila hataza kulikuwa na mkono wa mtu aliyepima, akakata, akakosa, akakata tena. Wakati mwingine maabara ilikuwa na watu kama 200, wakifanya kazi siku sita kwa wiki. Mlangoni kuna saa ya kugongea kadi, na Edison mwenyewe aligonga kadi kama wao. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1914 moto uliteketeza majengo mengi ya viwanda vilivyoizunguka, naye ana miaka 67. Ni watu hao hao waliofukua vifusi na kurudisha mashine kazini. Ukibishana Edison au Tesla, bado umebaki na majina mawili. Mimi nataka majina ya waliokereza.

Kwetu tunafundisha watoto kwamba mvumbuzi ni mtu mmoja mwenye kichwa kikubwa aliyekaa peke yake usiku. Mtoto wa Mwanza au wa Gikomba mwenye mkono wa ufundi akisikia hivyo anajiona hahusiki. Akiona karakana ile, anahusika.

BintiChumbageni amejibu:

Mungu awabariki wote, na wewe Mhandisi pia, nimeyaandika yote.

Nimemsomea baba maelezo ya mikanda. Ameuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu: shafti za juu zimeshikwa na beringi za aina gani, na nani alikuwa akizipaka mafuta? Amesema Morogoro alipoanza kazi kulikuwa na mashine moja ya mkanda, imesimama kona, na mzee aliyemfundisha ndiye aliyejua kuitumia. Sikuwahi kuisikia habari hiyo maisha yangu yote.

La mwisho: siku moja inatosha kwa maabara na nyumba? Na kiingilio?

FundiKerezo amejibu:

Kwa aina ya beringi nitamwachia mzee atazame mwenyewe, asinisikilize mimi. Mafuta yalikuwa kazi ya kijana wa chini kabisa karakanani, kila asubuhi, na ngazi.

Siku moja inatosha mkifika mapema. Kiingilio nilicholipa ni dola 15 kwa mtu mzima, watoto wenu wote wawili bure, na nyumba imo humo humo. Mkiingia tu, kabla ya kutazama chochote, chukueni tiketi za Glenmont za mchana, ndipo mzee apate asubuhi nzima karakana bila mtu wa kumharakisha. Kuna vifaa vya kusikiliza maelezo vya kushika mkononi. Mwekeeni sikio la kulia. Walinzi wa hifadhi pale ni watu wa kuongea, mkiwaambia huyu alikuwa fundi wa reli watamsogelea wao. Wewe kazi yako itakuwa kutafsiri, na mzee akianza kueleza, watoto wakae upande wake.

Vaeni viatu vya kutembea, na bebeni chakula.